Changamoto za Walimu Wakuu na Walimu wa Sekondari Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wazazi mikutanoni, na walimu wapya wanaoripoti kazini, na mara nyingine na wanachama wapya wa bodi za usimamizi ambao hawajawahi kufunguliwa vitabu vya hesabu vya shule. Majibu yanahusu zaidi shule za umma katika kaunti ndogo sita za Mombasa, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Jomvu na Changamwe, ingawa mengi yatamgusa pia mwalimu wa Kilifi au wa Kwale. Msimamo wetu tunautaja mapema: mambo mengi ambayo mzazi akisimama langoni huyaona kuwa uzembe wa mwalimu mkuu huanzia kwingine, pale ambapo wajibu hufika kwa wakati na nyenzo za kuutimiza zikachelewa.

Serikali hulipia masomo ya sekondari ya kutwa. Kwa nini basi mwalimu mkuu hulalamikia fedha kila muhula?

Mpango huu ulianza mwaka 2008, serikali ikitoa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kufikia 2018 kiwango kilikuwa kimepandishwa hadi shilingi 22,244, na mwaka huohuo ikaanza kutekelezwa sera ya kila mtoto aliyemaliza darasa la nane kuingia kidato cha kwanza. Fedha hizo zinapaswa kutumwa kwa awamu tatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 muhula wa pili na 20 muhula wa tatu. Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, awamu hizo zimekuwa zikija zimepunguzwa, au zikiingia kwenye akaunti wiki kadhaa baada ya shule kufunguliwa. Mnamo Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaeleza wabunge kwamba bajeti iliyopo inatosha takriban shilingi 16,900 tu kwa mwanafunzi. Tofauti hiyo ya zaidi ya shilingi 5,000, katika shule yenye wanafunzi 800, ni pengo la zaidi ya shilingi milioni nne kwa mwaka.

Ili mzazi aone uzito wa jambo hili, na aangalie juma la kwanza la muhula katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mpishi, mlinzi, karani na fundi wa maabara wameajiriwa na bodi, na mishahara yao hutoka katika mgao huo ambao bado haujafika. Bili ya umeme ipo mezani. Maji ya mfereji hayajatoka kwa siku kadhaa, jambo ambalo mkazi wa Mombasa halimshangazi, na maji ya kisima ni ya chumvi, yanafaa kupiga deki lakini hayafai kunywewa wala kutumiwa maabara, kwa hiyo itabidi bauza liitwe na lilipwe papo hapo. Nje ya mlango amekaa mfanyabiashara aliyeleta mahindi na maharagwe muhula uliopita, stakabadhi zake zikiwa ndani ya bahasha ya kaki, naye hakuja kuamkia. Mwalimu mkuu atamkaribisha, atamsikiliza, kisha atamwomba amvumilie wiki nyingine mbili.

Kuna hasara nyingine hapa ambayo haitajwi sana. Mfanyabiashara anayejua kwamba atalipwa baada ya miezi hupandisha bei tangu mwanzo ili kufidia kungoja kwake, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Matokeo yake ni kwamba shule inayonunua magunia hujikuta ikilipa maharagwe bei ya juu kuliko mama anayenunua kilo mbili kwa fedha taslimu katika soko la Kongowea. Fedha zikichelewa, basi, hata zile zinazofika hununua kidogo.

Ikiwa masomo yamelipiwa, fedha za chakula ni za nini?

Mgao wa serikali kwa shule ya kutwa haugharamii chakula cha mchana. Wazazi ndio hukubaliana kiwango, nayo shule ikapika pure au wali na maharagwe. Ugumu huja pale ambapo nusu ya darasa imelipa na nusu haijalipa, kwa sababu sufuria ni moja na wote wana njaa. Walimu wakuu wengi huchagua kuwalisha wote kisha wakatafuta namna ya kuziba pengo, na kwa maoni yetu wanatenda haki, ingawa mkaguzi wa hesabu atakapokuja hatapata safu ya huruma katika daftari lake.

Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anamhusu vipi mwalimu mkuu?

Fedha za serikali hufuata jina lililosajiliwa katika mfumo wa wizara wa kuorodhesha wanafunzi, ambao kwa muda mrefu ulikuwa NEMIS, na usajili huo kwa miaka mingi umetegemea nambari ya cheti cha kuzaliwa. Pwani ina familia ambazo watoto wao walizaliwa nyumbani mikononi mwa wakunga, na nyingine ambazo wazazi wenyewe walihangaika miaka na miaka kupata vitambulisho. Mtoto wa familia hiyo yupo darasani, ameketi, anafundishwa na kusahihishiwa kazi, lakini kwenye hesabu ya wizara hayupo, na shule humsomesha kwa fedha zilizoletwa kwa ajili ya wenzake. Mwaka 2025 wizara iliagiza idadi ya wanafunzi ihakikiwe upya ili kuondoa wanafunzi hewa. Uhakiki huo ulikuwa wa haki, maana kulipwa kwa jina la kubuni ni wizi. Ila mtoto halisi asiye na karatasi asitiwe katika kapu moja na jina la kubuni. Mzazi anayekumbushwa kuhusu cheti na aende ofisi ya usajili mapema, kabla ya msimu wa kusajili watahiniwa wa mtihani wa kitaifa.

Walimu wa BOM ni akina nani, na kwa nini ni wengi hivyo?

Ni walimu walioajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule ili kujaza nafasi ambazo TSC, tume ya walimu, haijazijaza. Wengi wana shahada na wamesajiliwa na tume, ila hawajapata ajira ya kudumu. Mshahara wao hutokana na michango ya wazazi, hauna kiwango kimoja, na hukatika karo ikikatika. Walimu wanagenzi walioajiriwa na tume kwa kiwango cha sekondari wamekuwa wakipokea shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwalimu wa BOM mara nyingi hata hizo hazifikii. Mtu aliyepanga chumba Mtwapa na kupanda matatu kuja mjini kila siku ataishi vipi kwa kipato hicho? Atafundisha jioni nyumbani kwa watu, ataendesha bodaboda Jumamosi, na siku atakapopata nafasi katika shule ya kibinafsi ataondoka, hata kama ni katikati ya muhula na kidato cha nne hakijamaliza mada ya mkondo wa umeme.

Mzazi huona tu kwamba mtoto amebadilishiwa mwalimu wa Fizikia mara tatu kwa mwaka. Haoni jinsi ratiba nzima ya masomo ilivyopanguliwa usiku na naibu mwalimu mkuu, wala jinsi mwalimu wa Hisabati alivyoongezewa vipindi hadi hana nafasi ya kusahihisha.

Kuanza kwa Sekondari Pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, kumeongeza mzigo gani?

Mwaka 2026 shule za sekondari zinaendesha mitaala miwili chini ya paa moja. Wanafunzi wa Gredi ya 10, ambao ndio wa kwanza kufika ngazi hiyo katika mtaala wa umilisi, wanasoma pamoja na kidato cha tatu na cha nne wa mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE utafanywa 2027. Mwalimu mmoja wa Kemia anaweza kuanza asubuhi kwa maazimio ya kazi ya mtaala mmoja na kumaliza mchana kwa ya mtaala mwingine, tathmini zake zikiwa tofauti, rekodi zake tofauti, na namna ya kutoa alama tofauti kabisa. Katika Gredi ya 10 kila mwanafunzi hufuata mkondo mmoja kati ya mitatu, ambayo ni STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Masomo ya lazima ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii, kisha mwanafunzi huongeza matatu anayoyachagua.

Kuchagua ni jambo jema kwa mtoto. Kwa mwalimu mkuu, kila chaguo linadai mwalimu, chumba na vifaa. Wanafunzi kumi na wawili wakitaka muziki, na shule haina mwalimu wa muziki wala ala moja, jibu la heshima ni lipi? Baadhi ya shule zilizo karibu zingeweza kugawana mwalimu mmoja wa somo adimu, akafundisha hapa Jumatatu na Jumatano, kule Jumanne na Alhamisi. Katika mji ambao shule zake nyingi ziko umbali wa matatu moja, jambo hilo linawezekana kuliko katika kaunti kubwa za ndani, na tunaona ajabu kwamba halifanywi zaidi.

Upo upande mwingine wa mabadiliko haya usiozungumziwa. Shule ya sekondari ilikuwa na madarasa ya miaka minne. Mwaka 2025 haikupokea kidato cha kwanza, na tangu hapo imekuwa na madarasa ya miaka mitatu, kama itakavyokuwa siku zote chini ya mfumo mpya. Idadi ya wanafunzi ikipungua, mgao unaohesabiwa kwa kichwa nao hupungua, lakini mlinzi wa usiku ni yuleyule, paa ni lilelile, na maji hulipiwa vilevile.

Viboko vimepigwa marufuku. Mwalimu amebakiwa na nini cha kumrudi mtoto?

Viboko viliondolewa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu yoyote ya kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi, kimwili au kisaikolojia. Atakayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Tunaiunga mkono sheria hiyo bila kusitasita. Mtoto huumia akipigwa, na mara nyingi anayepigwa sana ni yule ambaye tayari hupigwa nyumbani.

Kilichokosewa ni kwamba kiboko kiliondolewa na mahali pake hapakuwekwa mtu. Ushauri nasaha ulipaswa kuchukua nafasi hiyo, lakini katika shule nyingi mshauri ni mwalimu wa kawaida mwenye vipindi kamili, ambaye amepewa cheo hicho pamoja na chumba cha akiba kinachohifadhi pia jezi za mpira. Mwanafunzi anayehitaji saa nzima ya kusikilizwa hupata dakika kumi za mapumziko. Mwalimu mkuu anaweza kumrudisha mtoto nyumbani kwa muda kwa utaratibu uliowekwa, lakini hawezi kumfukuza kabisa kwa uamuzi wake peke yake, na ndivyo inavyostahili kuwa, maana mtoto wa miaka kumi na sita aliyefukuzwa shule katika mitaa yetu atapokelewa na watu wasio wema.

Dawa za kulevya na magenge yameingia kiasi gani katika kazi ya mwalimu?

Yameingia kiasi cha mwalimu wa zamu kujifunza kunusa mabegi. Muguka, yaani majani ya aina ya miraa, pamoja na bhangi na tembe zinazouzwa kiholela ndivyo vinavyoonekana zaidi kwa wanafunzi, na nyuma yake ipo heroini, ambayo Mombasa imepambana nayo kwa muda mrefu hadi serikali ikafungua vituo vya tiba ya methadoni. Mnamo Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka katika kaunti, na mahakama ikasimamisha agizo hilo. Kwa mwalimu wa Kisauni au wa Likoni, kesi ile haikuwa habari ya gazetini tu. Mwanafunzi aliyekesha akitafuna huja darasani macho yamemtoka, hana usingizi wala utulivu, na kufikia kipindi cha nne amelala juu ya dawati.

Vijana wa panga nao wana mvuto wao, hasa kwa mvulana ambaye nyumbani hakuna mtu mzima anayemuuliza alikoshinda. Ugumu wa mwalimu ni kwamba huishi mtaa uleule. Mwalimu aliyemkamata kijana na kisu asubuhi atapita jioni kwenye kichochoro wanakoketi wenzake kijana huyo. Walimu wa kike hulisema jambo hili kwa sauti ya chini, na wengine huomba uhamisho bila kuandika sababu halisi kwenye barua. Shule iliyozungukwa na ukuta imara na iliyo na uhusiano mzuri na wazee wa mtaa, viongozi wa nyumba kumi na chifu huwa na nafuu. Tumeona shule ambapo mzee mmoja wa mtaa anayeheshimika, kwa kuketi tu karibu na lango saa ya kutoka, alifanya kazi ambayo askari wawili hawakuiweza.

Hali ya Mombasa yenyewe, kama joto, Ramadhani na feri, inaathiri vipi masomo?

Februari na Machi darasa lenye wanafunzi zaidi ya hamsini chini ya paa la mabati huwa halikaliki baada ya saa saba. Pangaboi likiwepo na umeme ukiwepo, hewa husogea. Vikikosekana, mwalimu huwatoa wanafunzi chini ya mwembe ikiwa mwembe haujakatwa. Masomo mazito kama Hisabati hupangwa asubuhi, lakini si kila darasa linaweza kupewa asubuhi.

Ramadhani hudai hekima ya pekee. Wanafunzi wengi wamefunga, wameamka kula daku, na wengine watasali tarawehe hadi usiku, huku wenzao wasiofunga wakihitaji chakula cha mchana kama kawaida. Walimu wakuu wenye uzoefu huanza vipindi mapema, huondoa mazoezi makali ya michezo mchana, na huepuka kuweka mitihani ya ndani katika kumi la mwisho. Hakuna waraka unaoweza kuyapanga haya vizuri kuliko mwalimu anayewajua wanafunzi wake.

Kuhusu Likoni, iliyo ng'ambo ya maji, hata baada ya barabara ya Dongo Kundu kukamilika, mwendo wa miguu bado ni wa feri. Feri moja ikipumzishwa kwa hitilafu, walimu na wanafunzi hukwama pamoja kwenye foleni, na kipindi cha kwanza huwa kimepotea kabla mtu yeyote hajakosea. Kumpa adhabu mtoto wa aina hiyo ni kumwonea.

Mwalimu mkuu anatakiwa afanye nini kuhusu hijabu?

Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2016 uliokuwa umeruhusu hijabu katika shule iliyohusika na kesi hiyo, na wakati huohuo ikaelekeza wizara itunge mwongozo kuhusu sare za shule. Mombasa shule nyingi za umma zilikwisha kulitatua jambo hili zamani kwa hijabu ya rangi ya sare. Pale ambapo mgogoro huzuka, kwa kawaida ni kati ya mfadhili wa shule mwenye misingi ya kidini na wazazi wa dini nyingine, naye mwalimu mkuu huwekwa katikati. Ushauri wetu ni kwamba asiamue peke yake langoni. Alete bodi, mfadhili na wazazi mezani kabla ya siku ya kwanza ya muhula.

Kwa nini walimu wakuu wa shule za bweni hawalali vizuri?

Kwa sababu ya moto. Machi 1998 bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu hapa Pwani liliteketea na kuua wasichana zaidi ya ishirini, waliozuiwa kutoka na madirisha yenye vyuma. Miaka mitatu baadaye wavulana 67 waliangamia Kyanguli, Machakos, na Septemba 2024 watoto 21 walikufa katika shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unaeleza bayana: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya angalau mita 1.2.

Mwongozo huo na sera ya kupokea kila mtoto hugongana ndani ya bweni lilelile. Bweni lililojengwa kwa vitanda arobaini likitiwa sabini, nafasi ya mita 1.2 haipo tena, na hakuna mwalimu mkuu anayeweza kuizalisha kwa kupima upya. Akikataa wanafunzi, amekiuka agizo la wizara. Akiwapokea, amevunja mwongozo wa usalama. Tunaona kwamba hapa ndipo mwalimu mkuu anapodhulumiwa zaidi ya mahali pengine pote, kwa kuwa likitokea la kutokea jina litakaloandikwa ni lake. Asiache kuandika: barua ya kueleza idadi ya vitanda na ukubwa wa bweni, iliyopokewa na kupigwa muhuri katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ni kinga yake na ni ushahidi kwa watoto.

Shinikizo la matokeo ya KCSE linatoka wapi?

Linatoka kila upande. Wazazi hulinganisha alama za wastani za shule, wanasiasa huzitaja kwenye hafla, na mwalimu mkuu mwenyewe hutathminiwa na tume kwa mkataba wa utendakazi, kama vile mwalimu wa darasani anavyotathminiwa kwa TPAD, mfumo wa tume wa kupima kazi ya walimu. Hatua kali zilizochukuliwa mwaka 2016 dhidi ya udanganyifu zilionyesha ukubwa wa tatizo, kwani waliopata alama ya A nchini kote walikuwa 141 tu, wakati mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya elfu mbili. Tangu wakati huo mwalimu mkuu ndiye msimamizi wa kituo: yeye mwenyewe huchukua karatasi kutoka kwenye kontena, siku hizi mara mbili kwa siku, na yeye huwajibika karatasi ikivuja.

Shule ya kutwa ya Jomvu inayopokea wanafunzi wenye alama za chini na kuwafikisha wastani wa kati imefanya kazi kubwa kuliko shule ya kitaifa iliyopokea wenye alama za juu na kuwatoa na alama hizohizo za juu. Magazeti hayaipimi kazi hiyo, na kwa bahati mbaya wazazi pia hawaipimi.

Mishahara, vyeo na uhamisho vina matatizo gani?

Mwalimu wa sekondari mwenye shahada huanza daraja la C2 na kupanda hadi C3 baada ya miaka mitatu. Kuanzia hapo ngazi hutegemea nafasi na usaili, na wapo waliokaa daraja moja hadi wanafunzi wao wa zamani wakawa naibu walimu wakuu. Marupurupu ya nyumba ya mwalimu wa Mombasa ni ya chini kuliko ya mwenzake wa Nairobi, ingawa kodi ya Nyali au Tudor haimwulizi mtu daraja lake. Kwenye hati ya malipo huongezeka makato: ada ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5, bima ya afya ya asilimia 2.75, na mchango wa pensheni. Mgomo wa KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, wa mwishoni mwa Agosti 2024 ulitokana na masuala ya namna hii, yakiwemo kutekelezwa kwa mkataba wa malipo na hatima ya walimu wanagenzi wa Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9.

Sera ya 2018 ya kuwahamishia walimu mbali na kaunti zao ilizitenganisha familia nyingi kabla tume haijaanza kuilegeza mwishoni mwa 2022. Mombasa ilipokea walimu wazuri kutoka bara na ikapoteza wazuri waliokwenda bara. Kuchanganyika kwa walimu kuna faida; kuhamishwa kwa notisi fupi, mke akiwa Changamwe na mume akiwa Vihiga, hakuna faida ambayo tumeiona.

Msichana akipata mimba, shule inaruhusiwa kumkataa?

Hairuhusiwi. Sera ya kuwarudisha shuleni ipo tangu 1994, na mwongozo wa 2020 unaeleza utaratibu wake. Kinachomshinda mwalimu mkuu mara nyingi ni baba anayesema fedha zake zimekwisha kupotea. Mwalimu mwanamke anayefika nyumbani, akaketi na mama na nyanya ya msichana, amerudisha wengi kuliko barua yoyote.

Kwa nini mwalimu mkuu hujikuta kwenye kesi za ardhi?

Kwa kuwa ardhi ya Mombasa ina thamani, na shule nyingi za umma zimekaa miaka bila hati miliki. Uwanja wa michezo usio na ua leo huwa na vibanda kesho, na keshokutwa huwa na mtu mwenye karatasi. Mwalimu mkuu hufundishwa kusimamia mitihani na bajeti. Hakuna aliyemfundisha kusimama mbele ya hakimu wa mahakama ya ardhi akitetea kiwanja cha mpira. Bodi zinazofuatilia upimaji na hati mapema, zikishirikiana na wahitimu wa zamani walio mawakili na wapima ardhi, huiepushia shule kesi za miaka mingi.

Mwalimu mkuu naye humwendea nani akielemewa?

Huwaendea walimu wakuu wenzake, hasa. Chama chao, KESSHA, kimezoea kufanya mkutano wake wa kila mwaka hapahapa Mombasa, na mazungumzo ya maana hufanyika nje ya ukumbi, ambapo mtu humweleza mwenzake kwamba ana presha ya damu na hajamwambia hata mkewe. Ushauri wa kitaalamu kwa walimu bado ni haba. Wapo waliosimamishwa kazi uchunguzi ukiendelea, wakakaa miezi na jina lililochafuka, kisha wakaonekana hawana hatia na kurudi shuleni pasipo mtu kuwaomba radhi.

Mzazi mwenye malalamiko aanze wapi?

Aanze kwa mwalimu wa darasa, kwa kuwa ndiye anayemjua mtoto. Asiporidhika, amwone naibu mwalimu mkuu kwa masuala ya nidhamu, au mwalimu mkuu kwa mengine, na ni vizuri apige simu aombe miadi badala ya kufika saa ya gwaride. Hatua inayofuata ni mwakilishi wa wazazi katika bodi, kisha bodi yenyewe, kisha ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Malalamiko kuhusu mwenendo wa mwalimu hupelekwa kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo au kaunti. Ikiwa mtoto ameumizwa au amenajisiwa, mzazi asifuate ngazi hizo hata moja: aende hospitali na kituo cha polisi siku hiyohiyo, kisha ndipo aiarifu shule. Katika malalamiko mengine yote, aandike, atie tarehe, abaki na nakala, na aeleze jambo moja kwa barua moja.